Kusini ya Ruvuma kwa Fungu Dogo

Watu wa mishahara midogo tumezoea kuamini kwamba safari ya mapumziko ni jambo la watu wengine. Likizo ya askari, kama ijulikanavyo katika kila nyumba ya kota, huliwa na nauli ya kwenda kijijini, sukari ya kuwapelekea wazee, na mchango wa harusi uliokuwa ukimngoja mwenye mshahara afike. Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Lakini mwaka 2009, mume wangu akiwa koplo wa polisi mjini Mtwara, nami nikishona nguo kwa cherehani barazani, tulikata shauri kuitumia likizo moja kwa namna nyingine: kuvuka mto Ruvuma na kuifuata pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, mji mmoja baada ya mwingine, mpaka fedha zitakapotuamuru kurudi. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Fungu letu lilikuwa shilingi 250,000, kwa watu wawili na siku kumi na sita.

Naandika habari hizi sasa kwa kuwa jina la Cabo Delgado limekwisha kuwa jina la vita katika masikio ya watoto wetu, na baadhi ya vijana waliokulia katika kota zetu wamepata kupelekwa huko na bunduki. Si wengi wajuao kwamba, si zamani sana, mke wa koplo aliweza kutembea pwani hiyo akiwa na kanga kadhaa na daftari la hesabu. Daftari ninalo hata leo, na bei nitakazozitaja nazitoa humo.

Mtumishi wa Serikali haondoki nchini kama aendaye sokoni. Mume wangu aliomba kibali, akakingoja majuma matatu, akakipata. Mizigo yetu ilikuwa kikapu kimoja cha ukili na begi moja la mgongoni: chandarua, dawa za malaria, sufuria ndogo ya kuchemshia maji, sabuni, fedha zilizovunjwa kuwa noti ndogo ndogo, na kanga nne mpya ambazo hazikuwa za kuvaa mimi. Kanga zilikuwa ushauri wa jirani yangu, Mmakonde mwenye ndugu kote kuwili kwa mto. "Fedha ukimpa mtu atakushukuru siku hiyo," aliniambia. "Kanga ataivaa, na kila akiulizwa atakutaja."

Kutoka Mtwara hadi Kilambo tulipanda pikapu iliyojaa magunia ya unga. Ruvuma karibu na mdomo wake si mto wa kuvuka wakati wowote mtu apendapo. Maji ya bahari hupanda ndani yake na kushuka, na yakishuka huacha mafungu ya mchanga ambapo hata mtumbwi hukwama. Viboko nao wana saa zao. Tulingoja maji kutwa nzima pamoja na wafanyabiashara wa sabuni na betri, watu waliouvuka mto huo mara nyingi kiasi cha kutojisumbua kuutazama. Daraja la Umoja, lililo mbali juu huko Mtambaswala, lilikuwa bado kufunguliwa. Lilifunguliwa mwaka 2010, na hata hivyo halimfai sana mtu anayetaka kuifuata pwani. Tulivuka kwa shilingi 4,000 kila mtu.

Baada ya kituo cha mpaka cha Namoto njia ya mchanga hupita Kionga, mahali padogo penye historia ndefu kuliko ukubwa wake. Wajerumani walipatwaa mwaka 1894, ng'ambo ya mto ambao wangepaswa kukomea. Wareno wakapachukua mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Kwa hiyo yuko mtu aliyeweza kuzaliwa chini ya bendera moja na kuzikwa chini ya nyingine bila kuhama kibanda chake. Sikuona kwamba jambo hilo lilikuwa limewabadili sana watu wa hapo. Waliendelea kuoana na watu wa Mtwara, na watoto wao walituamkia "shikamoo" kabla hatujafungua kinywa.

Palma ndio mji uliotufundisha namna ya kusafiri. Uko juu ya ghuba pana yenye minazi, na wakati huo gesi ilikuwa bado kugunduliwa baharini mbele yake. Ilipogunduliwa mwaka 2010 mambo mengi yalibadilika, kuanzia bei ya kitanda. Sisi tuliikuta Palma ya wavuvi na wasukaji mikeka. Shilingi yetu ilipokelewa sokoni sawa na metikali, ambayo kila moja ilikuwa karibu na shilingi 50. Kiswahili kilitosha kwa kila kitu, na kilipopungua palisikika Kimwani, lugha ya pwani yote hiyo hadi visiwani. Mswahili akikisikiliza huelewa neno, hupotea, kisha huelewa tena. Kwetu mwani ni majani ya baharini. Kwao mwani ni pwani yenyewe, na Wamwani ni watu wa pwani. Mume wangu, aliyekuwa na tabia ya kuhoji kila kitu kama shahidi, alimaliza jioni nzima juu ya neno hilo moja.

Nyumba ya wageni ya kwanza tuliyoiuliza ilitaka bei ambayo ingelimaliza fungu letu kwa siku tisa. Nikarudi sokoni kwa mama mmoja mtu mzima ambaye asubuhi nilikuwa nimenunua kwake mkeka mdogo, nikamwuliza kama anamjua mtu mwenye chumba. Alinitazama, akaitazama kanga niliyojifunga, akasema, "Mwanangu, chumba cha nini na watu wawili? Baraza langu lina upepo." Tukalala barazani kwake siku mbili. Hakutaka fedha. Nilimpa kanga ya kwanza, na mume wangu akamtengenezea mlango wa banda la kuku.

Siku ya kuondoka akatupa kitu ambacho kwa hakika kilikuwa na thamani kuliko shilingi zetu zote. Kilikuwa kikaratasi kilichochanwa katika daftari la shule, na juu yake aliandika mistari mitatu kwa herufi za Kiarabu, kama waandikavyo wazee wengi wa pwani hiyo. Mimi nilisoma chuoni utotoni, hivyo niliweza kukisoma. Kilimwambia mdogo wake wa Mocímboa da Praia kwamba hawa ni wageni wangu, wape mkeka na maji, na wakiondoka waelekeze kwa mtu. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Jina langu halikuwamo, wala la mume wangu. Hakuwa ameuliza pasi zetu wala kazi zetu, na nadhani lau angelijua kwamba mgeni wake ni polisi angelicheka tu, maana mume wangu alikuwa ameshindwa vibaya na kuku wake.

Magari ya abiria ya huko huitwa chapa, aghalabu pikapu au lori dogo, nayo huondoka saa tisa za usiku. Sababu ni kwamba dereva anataka kufika, kupakua, kupakia na kurudi siku ile ile kabla ya giza. Utingo hupita akibisha milangoni, na asiyekuwa tayari huachwa. Palma hadi Mocímboa da Praia ililipiwa metikali 120 kila mtu. Tulifika jua likichomoza, mikate midogo ya Kireno ikitoka tanurini, ikauzwa barabarani ndani ya vikapu vilivyofunikwa kitambaa. Huo ndio uliokuwa ufunguakinywa wetu kila siku, pamoja na chai tuliyochemsha wenyewe. Mchana tulikula wanachokiita shima, ambayo ni ugali wetu, kwa samaki au kwa matapa, ambayo ni kisamvu kilichopikwa kwa nazi na karanga. Mwenye nyumba ya Kitanzania hatakuta humo la kumshangaza, ila wingi wa karanga.

Mocímboa ulikuwa mji wa sehemu mbili: bandari ya majahazi chini, na juu majengo ya Wareno yenye rangi zilizochakaa. Mdogo wa mama yetu wa Palma alikisoma kikaratasi, akatutandikia mkeka, na usiku akageuza karatasi upande wa pili na kuandika maneno yake mwenyewe kwa kaka yao wa Pemba. Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kila tulipofika tulikuwa tumetanguliwa na neno la mtu.

Njia ya Pemba ni ndefu, nauli ilikuwa metikali 250, na sehemu yake hupita kijiji cha Chai. Askari wa umri wangu hawahitaji kuelezwa: ndipo vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanzia, tarehe 25 Septemba 1964, na wapiganaji wake wengi walifundishwa kwetu, Nachingwea. Chapa haikusimama. Mume wangu alivua kofia tu. Mzee aliyeketi juu ya gunia karibu naye aliona, wakapeana mikono bila kusema neno, na tangu hapo hadi Pemba mzee huyo hakuruhusu tununue machungwa kwa fedha yetu.

Pemba hii si ile ya karafuu. Wareno waliuita mji huo Porto Amélia hadi uhuru wa mwaka 1975. Ghuba yake ni kubwa na yenye kina, na ufuko wake wa starehe unaitwa Wimbe, jina lisikikalo kama wimbi letu, ingawa maji yake siku nyingi ni matulivu kama ya birikani. Sisi hatukukaa Wimbe. Tulifikia Paquitequete, mtaa wa zamani wa wavuvi ulio kwenye ulimi wa mchanga, ambako kikaratasi kilitupatia chumba halisi, chenye kitanda cha kamba. Metikali tulizotumia hapo kwa siku tatu, chakula kikiwamo, zilikuwa 310. Niliandika na kupigia mstari.

Mtu aendaye kisiwa cha Ibo bila fedha za boti ya kukodi hana budi kuijua kalenda ya mwezi. Mashua za abiria hutoka Tandanhangue, karibu na Quissanga, kwa kupita katikati ya mikoko, na njia hiyo hufunguka maji yakijaa tu. Tulikwenda mwezi ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa karibu na saa kumi za jioni. Chapa ilitufikisha asubuhi, tukangoja chini ya mbuyu pamoja na wachuuzi na mbuzi wao. Msafiri mwenye haraka angelilaani siku hiyo. Mimi nilishona shati la mtoto wa nahodha lililokuwa limechanika kwapani, na nauli yetu ikapunguzwa kwa nusu.

Ibo ulikuwa mji mkuu wa Cabo Delgado kabla makao hayajahamishiwa Pemba, na ni kama waliohama walisahau kufunga milango. Majumba ya mawe yenye nguzo yamesimama matupu, mizizi ya mitini ikiyakumbatia. Ngome yake yenye umbo la nyota, iliyojengwa mwaka 1791, imeona mengi: biashara ya watumwa ilipita kisiwani hapo, na katika miaka ya mwisho ya Wareno iligeuzwa gereza la wapigania uhuru. Tulipoingia tulikuta sonara wakifua fedha kwenye kivuli cha lango, wakiivuta kuwa nyuzi nyembamba kama nywele. Nilinunua hereni ndogo. Ndicho kitu pekee katika daftari nilichokiandika chini ya neno "anasa".

Kurudi tulirudi kwa upepo. Kusi bado ilikuwa ikivuma, nayo huelekea kaskazini, yaani nyumbani. Majahazi yaliyotoka Ibo kwenda kuchukua samaki wakavu juu huko yalikuwa na nafasi. Nahodha mmoja, aliyesomewa kikaratasi ambacho sasa kilikuwa kimejaa pande zote mbili, alikubali kutuchukua kwa metikali 150 sote wawili, sharti mume wangu asaidie kufumba maji. Koplo akafumba maji. Tulipita Matemo, tukalala mashuani, na siku ya pili tukashuka Pangane.

Hapo ndipo ningependa kukaa kidogo. Pangane ni ncha ya mchanga mweupe iliyojaa minazi, baharini pande mbili, na kijiji kimepangwa humo kama watu walioketi kwenye benchi jembamba. Wazungu wapendao kupanda mawimbi kwa mbao zao huenda kusini ya mbali, Tofo katika Inhambane au Ponta do Ouro karibu na Afrika ya Kusini. Kaskazini hawaji kwa ajili hiyo, kwa kuwa visiwa vya Quirimba, vinavyozidi 30, na matumbawe yake huyavunja mawimbi kabla hayajafika. Lakini watoto wa Pangane hawakuwa wamearifiwa hayo. Jioni maji yalipoanza kujaa walikimbia upande ulio wazi na vipande vya mbao za mitumbwi iliyokufa, wakalala juu yake kifudifudi na kuyangoja. Walilijua wimbi la kuacha na wimbi la kupanda. Kijana mmoja wa miaka kumi hivi alisimama wima juu ya ubao usiozidi upana wa mlango wa kabati, akafika mchangani bila kuanguka, akageuka kurudi bila hata kututazama.

Walimwita mume wangu. Alipewa ubao mkubwa kupita wote, na nawaomba wenzake wa kituoni waamini kwamba alifika nchi kavu mara moja, ingawa si kwa miguu. Wanawake waliokuwa wakirudi na pweza kutoka mwambani walitua vikapu vyao kucheka. Mmoja wao, aliyepaka usoni msiro mweupe kama wafanyavyo wanawake wa huko kulainisha ngozi, ndiye aliyetupa mahali pa kulala. Kanga ya nne niliiacha kwake.

Tulifika Mtwara tukiwa na shilingi 31,000. Katika visiwa vile vile zilikuwapo hoteli ambazo wageni wake hufikishwa kwa ndege ndogo, na usiku mmoja humo ulizidi fungu letu lote. Sina kinyongo nazo. Nasema tu kwamba bahari tuliyoitazama ilikuwa ile ile.

Tarehe 5 Oktoba 2017, alfajiri, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilivamiwa na watu wenye silaha. Mume wangu, wakati huo amekwisha kustaafu, aliisikia habari hiyo redioni akazima redio, akatoka nje. Tangu hapo majina ya daftari langu yalianza kusomwa moja baada ya jingine katika taarifa za habari. Vijiji vilichomwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani ya Macomia na Ibo, kana kwamba watu hawakuwa na taabu ya kutosha. Machi 2020, Mocímboa na Quissanga. Agosti mwaka huo Mocímboa ilitekwa, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye, tarehe 8 Agosti 2021, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Tarehe 24 Machi 2021, Palma. Wengi walikimbilia Ruvuma, na miongoni mwa waliouvuka wako waliorudishwa. Hesabu ya watu waliozikimbia nyumba zao ilipata kukaribia milioni moja.

Nililolitafakari zaidi ni la Oktoba 2020. Maelfu ya watu walifika kwa majahazi katika ufuko wa Paquitequete, kutoka Macomia, Quissanga na visiwani, wakiwa wamejazana pamoja na watoto, magodoro na kuku. Jahazi moja lilizama, wakafa watu wengi. Ni vyombo vya namna ile ile tuliyoipanda sisi, juu ya maji yale yale, na ufuko ni ule wenye chumba cha kitanda cha kamba. Sisi tulilipa metikali 150 na kufumba maji. Wao walilipa nini, daftari langu halina safu ya kuandikia.

Zamani nikiulizwa siri ya kusafiri kwa fedha kidogo nilijibu kama wajibuvyo wote: kula wanachokula wenyeji, kupanda wanachopanda, kubeba kidogo. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayafiki kwenye shina. Safari yetu ilikuwa rahisi kwa sababu mama mmoja wa Palma aliweza kuandika mistari mitatu juu ya watu asiowajua, na mdogo wake akaiamini, na kaka yao, na nahodha. Kila mmoja aliweka heshima yake rehani kwa ajili yetu bila kuona kwamba ameweka kitu. Waliofika usiku na mapanga walikuwa, mara nyingine, vijana wa vijiji vile vile, waliofahamika kwa majina. Basi mimi siwezi kumlaumu mtu wa Mocímboa ambaye leo, akibishiwa na mgeni mwenye kikaratasi, atafunga mlango na kuweka kitasa cha pili. Barabara hutengenezwa, madaraja hujengwa upya. Hilo la mlango sijui fundi wake ni nani. Nami simshauri mtu yeyote kuifuata njia yetu kwa sasa, maana hata mwaka 2025 mashambulizi yalikuwa hayajakoma.

Kijana wa jirani yangu, yule jirani wa kanga, ni askari wa JWTZ, na alikuwa mmoja wa waliopelekwa huko katika jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika, lililokaa kutoka Julai 2021 hadi 2024. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilimwonyesha daftari. Aliyasoma majina ya miji, akauliza ni vipi watu wa huko wataelewa Kiswahili chake.

"Wataelewa," nilimwambia. "Ukimkuta mtu mzima, mwamkie kwanza, ndipo umwulize la kazini."

"Na huko Pangane, mama, nikifika nimtafute nani?"

Nilimweleza nyumba ilipokuwa, mwishoni mwa minazi upande wa wimbi, na mwanamke wa msiro, na kanga ya rangi ya zambarau. Aliandika yote katika kijitabu chake kwa mwandiko mzuri, kama aandikavyo amri.

Alirudi salama, Mungu ashukuriwe, amekonda kidogo. Aliniambia kwamba kikosi chao kilikuwa Nangade, bara, ndani ya pori, na kwamba kwa muda wote wa zamu yake hakuiona bahari. Salamu zangu alirudi nazo.